Usiku wa vifaru Saipan, Juni 1944: mzee niliyemhudumia alikuwa akivihesabu kwa masikio

Bint Ngamiani (mleta uzi)

Wakuu, habari za wakati huu. Naomba radhi mapema, uzi ni mrefu na nitaushusha vipande vipande kwa sababu naandika nikitoka zamu.

Nipo Marekani, kazi yangu ni kuhudumia wazee, zamu ya usiku. Mwaka 2016 nilipangiwa mzee mmoja wa miaka 91. Mpole, hana maneno mengi. Nilimzoesha shikamoo, naye akajua kuitikia marahaba, na siku nikisahau ananikazia macho mpaka niseme. Alikuwa mwanajeshi zamani, hilo lilikuwa kwenye faili lake, mstari mmoja tu: Marine, Pasifiki. (Marine ni wale askari wa Marekani wanaoshuka pwani kutoka melini.)

Majira ya baridi yakaingia. Kwa msiojua, theluji ikianguka usiku linapita gari kubwa la kuisukuma pembeni. Lina koleo la chuma mbele na minyororo kwenye magurudumu, likikwaruza lami unalisikia mpaka kwenye meno. Mtaani kwetu lilikuwa linapita baada ya saa tisa usiku. Mara ya kwanza lilipopita nikamkuta mzee ameketi kitandani, wima, mkono ameuinua ninyamaze. Ananong'ona: "Moja. Mbili. Hapana, hiyo ni ile ile."

Nikadhani ni uzee. Nikamfunika, nikaandika kwenye daftari la zamu kwamba amechanganyikiwa. Ikatokea tena, na tena. Mara ya nne nikamuuliza, mzee unahesabu nini? Akanitazama kama mtu anayeshangaa kwamba mimi sisikii. Akasema, "Vifaru."

Nakuja na kipande cha pili.

Kobe wa Pangani

Nimeweka kambi hapa dada. Shusha.

Fundi Saa

Mimi mpenzi wa historia ya vita lakini Pasifiki najua visiwa na ndege tu. Vifaru kwenye visiwa? Nilidhani vifaru ni Urusi na jangwani Libya.

Bint Ngamiani

Fundi Saa, hata mimi sikujua, nimesoma kwa ajili yake.

Saipan ni kimoja cha visiwa vya Mariana, bahari ya Pasifiki, urefu wake kama kilomita 20, katikati una mlima Tapochau wa mita 474. Baada ya Vita vya Kwanza kikawekwa chini ya Japani, na Wajapani wakakigeuza shamba la miwa. Wakaleta watu kwa maelfu kulima, wengi wao kutoka Okinawa, mpaka wenyeji Wachamorro na Wakarolina wakawa wachache kwenye ardhi yao wenyewe. Kwenye mji wa Charan Kanoa kulikuwa na kiwanda cha sukari. Mkumbuke hicho kiwanda, nitakirudia.

Tarehe 15 Juni 1944 Wamarekani wakashuka pwani ya magharibi, divisheni mbili za Marine, ya 2 na ya 4. Siku ya kwanza peke yake watu karibu 2,000 walikufa na kujeruhiwa. Walichokuwa wanakitaka ni uwanja wa ndege, maana kutoka pale ndege kubwa za mabomu, B-29, zingefika Tokyo na kurudi. Wajapani nao walilijua hilo, ndiyo maana walikuwa na wanajeshi karibu 30,000 kisiwani. Wa nchi kavu walikuwa chini ya Luteni Jenerali Yoshitsugu Saito. Wa majini walikuwa chini ya Chuichi Nagumo, yule yule aliyeongoza manowari zilizoshambulia Pearl Harbor.

Na walikuwa na vifaru. Rejimenti ya 9 ya vifaru, mkuu wake Kanali Takashi Goto. Sehemu ya rejimenti ilikuwa Guam, iliyobaki ilikuwa Saipan, na idadi ya vifaru vilivyoshambulia ule usiku vitabu havikubaliani: wengine wanasema 37, wengine 44. Vyovyote vile, linahesabiwa kuwa shambulio kubwa kuliko yote ambayo Wajapani walifanya kwa vifaru dhidi ya Wamarekani katika vita vya Pasifiki.

Saito alitaka shambulio lianze saa kumi na moja jioni tarehe 16. Hawakuwahi. Kuwakusanya vifaru na askari wa miguu huku manowari zinawapiga kuliwachukua mpaka saa tisa na nusu usiku.

Saa tisa na nusu usiku, wakuu. Gari la theluji lilikuwa linapita muda huo huo.

Kobe wa Pangani

Subhanallah.

Mama Wawili

Nimesisimka. Endelea dada, usituache njiani.

Bint Ngamiani

Mzee hakunisimulia kwa mpango. Ilikuwa usiku huu maneno mawili, juma linalofuata matatu. Mengine nimeyajazia kwa kusoma, ila nitajitahidi kuwatenganishia.

Kwanza alichosema yeye. Alikuwa na miaka 19, yupo shimoni na rafiki yake, kundi la kwanza katika batalioni ya 1 ya rejimenti ya 6 ya Marine. Giza zito. Kabla ya kuona kitu walisikia. Injini kwa mbali, halafu minyororo, halafu kimya, halafu tena. Sajini wao akataka kujua vipo vingapi, na hakuna anayeona, kwa hiyo kila mtu anahesabu kwa masikio. Tabu ni kwamba kifaru kimoja kikisimama na kuondoka tena unakihesabu mara mbili. Ndiyo maana ya "hiyo ni ile ile." Mzee wa miaka 91 bado alikuwa anajaribu kumpa sajini hesabu sahihi.

Sasa ya vitabuni. Mkuu wa batalioni hiyo alikuwa William K. Jones, na mstari wake ndio uliobeba uzito mkubwa. Wajapani walikuwa wanalenga kituo cha redio kilichokuwa nyuma kidogo ya mstari wa Marine. Meli zilizokuwa baharini zikafyatua mabomu ya mwanga, yale yanayoshuka taratibu kwa mwavuli, na uwanja mzima ukawa mweupe. Vifaru vikaonekana vinakuja kwa mafungu, askari wa miguu wengine wakiwa wamening'inia juu yake.

Hapo ndipo mzee alikuwa anasema neno moja, kelele, na hakuongeza. Mizinga midogo ya milimita 37, bombomu, magari ya deraya yenye magurudumu mbele na minyororo nyuma yaliyobeba mzinga wa milimita 75, na bazuka. Bazuka inabebwa na watu wawili, mmoja analenga, mwingine anasukuma roketi kwa nyuma, na ili upate kifaru usiku inabidi ukiache kije karibu.

Kimoja kilipita juu ya shimo lao. Hilo alilisema mara moja tu, tena akiwa ananyolewa ndevu, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Kilipita juu, mchanga ukatuingia mdomoni." Nikaendelea kumnyoa kwa sababu sikujua nifanye nini kingine.

Fundi Saa

Dada, swali la kiufundi. Vifaru 40 dhidi ya watu kwenye mashimo, inakuwaje wakashindwa?

Bint Ngamiani

Nilijiuliza hivyo hivyo.

Sisi tunaita kifaru, na neno linakupa picha ya mnyama asiyezuilika. Lakini vile vya Kijapani aina ya 95 vilikuwa vyepesi, tani saba na kidogo, watu watatu ndani, na chuma chake pale palipo panene kabisa ni milimita 12. Chukua rula upime. Aina ya 97 ilikuwa kubwa zaidi, kama tani 15, chuma milimita 25 hivi. Sherman ya Wamarekani ilipita tani 30. Vya Kijapani vilitengenezwa kwa vita vya China, ambako adui hakuwa na silaha nyingi za kupambana na vifaru. Saipan vilikutana na bazuka.

Tena ndani ya kifaru usiku huoni. Vingine vilipotea njia, vingine vikakwama kwenye kinamasi, vikisimama vinamulikwa na mabomu ya mwanga na kupigwa. Kikishawaka kimoja, moto wake unakuonyesha kinachofuata. Kulipokucha mabaki yaliyohesabiwa ni kati ya 24 na 31, kutegemea nani kahesabu. Cha mwisho kilionekana karibu saa moja asubuhi kikipanda barabara ya mlimani kujaribu kutoroka, wakaiarifu manowari, mizinga ya baharini ikakimaliza kule juu. Upande wa Marine waliokufa na kujeruhiwa walikaribia mia.

Na niseme ninachokiamini: wale vijana wa Kijapani ndani ya vile vyuma walipelekwa kufa. Kupeleka vifaru vyepesi gizani, kwa kuchelewa, juu ya kinamasi, mbele ya meli zinazomulika, na askari wa miguu ambao hawawezi kuonana nao. Sioni utukufu wowote pale. Mzee naye hakuwahi kuwatukana. Aliwaita "wale wa ndani."

Mama Wawili

Na wenyeji wa kisiwa? Kila siku tunasikia Mmarekani na Mjapani. Wale wenye miji yao je?

Bint Ngamiani

Swali zuri kuliko yote hapa.

Wachamorro na Wakarolina walikimbilia mapangoni. Kisiwa ni cha mawe ya chokaa, mapango yapo mengi, na humo humo walikuwemo wanajeshi wa Kijapani, raia wa Okinawa, vibarua wa Kikorea, watoto. Mizinga haichagui. Walionusurika waliwekwa kwenye kambi ya Susupe, na wenyeji hawakuachiliwa kutoka kambini mpaka tarehe 4 Julai 1946, karibu mwaka mzima baada ya vita kwisha. Mpaka leo tarehe 4 Julai kule ni siku ya ukombozi, na wakisema ukombozi wanakumbuka kutoka ile kambi.

Kaskazini, Marpi, kuna majabali ambako raia wa Kijapani kwa mamia walijirusha, wengine na watoto mgongoni, kwa kuwa walishaambiwa Mmarekani akiwakamata atawafanyia unyama. Nimeanza kuandika habari za pale mara mbili nikafuta. Mwaka 2005 Mfalme Akihito na mkewe walikwenda wakasimama kwenye majabali yale wakainamisha vichwa. Niishie hapo.

Vita vya kisiwa vilitangazwa kwisha tarehe 9 Julai. Wamarekani zaidi ya 3,000 walikufa. Wanajeshi wa Kijapani karibu wote. Saito na Nagumo walijiua. Serikali ya Tojo, waziri mkuu wa Japani, ikaanguka mwezi ule ule, na Novemba ndege za B-29 zikaruka kutoka Saipan kwenda Tokyo.

Bint Ngamiani

Sasa nije kwenye kilichonifanya nianzishe uzi. Familia yake.

Binti yake alikuwa anakuja kila Jumapili, mama wa miaka sitini na kitu. Siku moja nikamweleza, mzee usiku anahesabu vifaru. Akaweka mkoba chini, akakaa. Hakuwahi kulisikia hilo neno kutoka kwa baba yake.

Wao nyumbani walijua baba anachukia baridi. Ndivyo mama yao alivyowaambia. Kila theluji ikianguka baba halali, anakaa jikoni na taa imezimwa. Mama akaona suluhisho ni kuhama, wakaenda kuishi jimbo la kusini kwenye joto, miaka minane. Kule baba akalala vizuri. Ikawa ushahidi: unaona, ni baridi. Kule hakuna theluji, kwa hiyo hakuna lile gari, ila nani angewaza gari?

La pili ni sukari. Mama yao alikuwa hodari wa kupika, lakini kulikuwa na kitu kimoja hakikupikwa katika ile nyumba, sukari ya kuunguza, ile unayoiyeyusha kwenye sufuria mpaka iwe kahawia. Alijaribu mara moja wakiwa wadogo, baba akatoka nje akarudi usiku. Watoto wakakua wakiamini baba hapendi vitu vitamu. Lakini mimi nilikuwa namwekea vijiko vitatu kwenye chai na anataka cha nne.

Rudini kwenye kile kiwanda cha Charan Kanoa. Mashamba ya miwa yaliungua kwa mabomu kabla na wakati wa kushuka pwani, na kiwanda kilibomolewa kwa mizinga. Siku za kwanza za Saipan zilinuka sukari inayoungua. Binti yake aliposikia hivyo akawa anarudia tu, "Mama alikufa anadhani hapendi upishi wake."

Mnyasa wa Kilombero

Dada, hapo kwenye miwa umenigusa. Mimi nimekulia karibu na mashamba ya miwa. Kabla ya kukata wanachoma shamba kuondoa majani, moto unanguruma kama mvua kubwa, masizi yanaangukia nguo kwenye kamba. Kwetu ile harufu ni ya utoto, mimi nikiisikia nafurahi. Sikuwahi kufikiri kuna mtu duniani ile ile harufu inamtoa mezani.

Mjukuu wa Keya

Nimesoma toka mwanzo, nimeona nichangie.

Babu yangu mzaa baba alikuwa Keya (KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki), alikwenda Bama, yaani Burma. Mwaka huo huo wa 1944, adui huyo huyo Mjapani, ila yeye alikuwa porini na divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, bonde la Kabaw, masika. Nimekuja kusoma baadaye kwamba lile bonde lilisifika kwa malaria na matope, na vikosi vyetu viliteremka nalo mpaka Kalewa, mto Chindwin, Desemba. Babu mwenyewe alituambia mambo mawili tu: mvua, na nyama ya kopo.

Ila alikuwa na jambo lake. Kila alipojenga, na alihama mara tatu maishani, kabla ya kuezeka alichimba shimo pembeni ya nyumba. La mtu mmoja, linafika mabegani. Sisi wajukuu tulikuwa tunatumbukia humo, tunachapwa. Bibi akichoka anapanda mgomba ndani yake, kwetu migomba inapandwa kwenye shimo hata hivyo, kwa hiyo majirani waliona mzee anapenda ndizi. Nilipofika pale kwa gari la theluji na baridi nikaacha kusoma kwanza.

Kobe wa Pangani

Mkuu, kumbe kila nyumba ina shimo lake.

Bi Mkubwa Likoni

Wanangu, nami niseme kidogo. Ndugu ya mama yangu alipanda meli Kilindini Februari 1944, Khedive Ismail. Alikuwa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki. Tarehe 12 nyambizi ya Kijapani iliipiga karibu na Maldivi, ikazama kwa dakika chache. Walikufa watu karibu 1,300. Nyanya yangu hakuwa na kaburi la kulilia. Aliacha mlango wa uani bila komeo miaka na miaka, hata wezi walipokuja mara mbili hakubali komeo litiwe. Sisi tulimwona mkaidi. Asante binti kwa kulifungua hili, nilikuwa sijawahi kulisema mbele ya watu.

Bint Ngamiani

Shikamoo Bi Mkubwa. Pole sana, na asante kwa kutuaminia. Nimelia kwenye basi.

Mjukuu wa Keya, nakuomba kitu, usikiache kipite. Waliomjua babu kama mtu mzima mwenzao bado wapo? Uliza shimo lilikuwa upande gani wa nyumba. Naona kama si jambo dogo.

Nimalizie ya mzee. Alifariki 2017, mwezi wa tisa, kabla ya theluji. Mwaka uliofuata binti yake alikwenda Saipan. Aliniandikia barua pepe ndefu, ameniruhusu niseme yaliyomo bila majina.

Amekuta vifaru bado vipo. Kwenye maji ya kina kifupi upande wa Susupe kuna Sherman zilizokwama siku za kushuka pwani, hazikufika nchi kavu, na mnara na mzinga wake unaonekana juu ya maji. Watoto wanaogelea wanapanda wanaruka. Anasema alikaa ufukweni akiwatazama mpaka jua likazama. Kaskazini, kwenye bustani ya kambi ya mwisho ya Wajapani, kuna kifaru chao kimoja kidogo, kutu tupu. Alisimama pembeni yake akashangaa kwamba kinamzidi kimo kidogo tu. Maisha yake yote baba alikuwa akihesabu vitu vikubwa, na kumbe vilikuwa vidogo hivi, ndivyo alivyoandika.

Kuna vingine viwili nimevisoma mimi. Miaka ya 1970 vifaru aina ya 97 vya rejimenti ile ya Goto vilifukuliwa kwenye udongo wa Saipan vikarudishwa Japani. Kimoja kipo makumbusho ya Yushukan, hekalu la Yasukuni, Tokyo. Kingine kipo kwenye hekalu la Wakajishi, Fujinomiya, chini ya mlima Fuji, na hicho wamekiacha na matundu na kutu yake. Familia za "wale wa ndani" zinakwenda kusimama mbele yake. Wengi hawakurudishiwa mifupa. Wamepata chuma.

Binti yake sasa anatafuta njia ya kwenda Fujinomiya. Anasema hana la kuwaambia wale watu, anataka tu kuwapo.

Fundi Saa

Dada, na kwenye daftari la zamu uliandika nini mwisho?

Bint Ngamiani

Nilifuta lile la kuchanganyikiwa, nikaandika: theluji ikianguka, kaa naye kuanzia saa tisa. Wenzangu wa zamu walifuata. Nikikaa mimi, akisema moja, mbili, nilikuwa namwambia vimekwisha mzee, vyote vimehesabiwa. Wakati mwingine alilala.

Mjukuu wa Keya

Nimerudi. Nimempigia shangazi jana, ana miaka 78, yupo pale pale kwenye nyumba ya tatu ya babu. Nimemuuliza la shimo. Hakufikiri hata kidogo, alijibu papo hapo. Mashimo yote matatu yalichimbwa upande mmoja, ule unaotazama njia inayopanda kutoka bondeni, na udongo aliourundika mbele ya shimo hakuruhusu mtu auchote, hata wa kukandika ukuta.

Migomba bado ipo, anasema imezaa sana mwaka huu. Alikuwa na mpango wa kuing'oa ajenge banda la kuku. Nimemwomba asubiri nifike mwezi wa kumi na mbili.

Bi Mkubwa Likoni

Ukifika, mwanangu, ingia humo shimoni usimame. Kisha uje utuambie unaona nini.